Uvimbe wa Sakafu ya Mbele ya Fuvu: Maelezo na Istilahi

1. Utangulizi

Katika Kiswahili harufu husikika. Mtu apitaye karibu na jiko husema anasikia harufu ya samaki, na akishikwa na mafua husema hasikii kitu. Kitenzi kusikia hubeba kazi ya sikio, ya pua, na hata ya mwili mzima, kwani mtu husikia pia baridi, njaa na uchungu. Kwa mwanaisimu huu ni mfano mzuri wa upana wa maana ya neno. Kwa mgonjwa jambo hili laweza kuwa na uzito mwingine. Mtu anayemwambia daktari kwamba tangu mwaka jana “hasikii tena”, bila kutaja harufu, aweza kuangaliwa masikio na kurudishwa nyumbani kwa kuwa masikio yake ni mazima, ilhali kitu kinakua polepole juu ya pua yake na chini ya ubongo wake.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka na msomaji asiye daktari, uvimbe unaoota katika sakafu ya mbele ya fuvu: mahali unapoota, aina zake, dalili zake na njia za kuutibu. Ya pili ni kuchunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya maradhi hayo, na kuonyesha ni wapi maneno hayo yanasaidia na ni wapi yanaweza kupoteza njia. Shabaha hizi haziachani, kwa sababu ugonjwa huu hujitangaza kwanza kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kabla haujaonekana kwa macho ya mtu mwingine.

2. Mahali penyewe na majina yake

Ubongo umekaa juu ya sakafu ya mifupa. Sakafu hiyo haiko sawasawa. Imegawanyika katika mabonde matatu yanayoshuka kama ngazi kutoka mbele kwenda nyuma. Bonde la mbele ndilo la juu kuliko yote. Juu yake hukaa sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Chini yake, katikati, kuna pua pamoja na mapango ya hewa yaliyomo katika mifupa ya uso; na chini yake, kulia na kushoto, kuna matundu ya macho. Kwa hiyo sakafu hii ni dari ya pua na dari ya macho kwa wakati mmoja. Katika sehemu nyingine ni nyembamba kama karatasi.

Mifupa mitatu ndiyo inayoijenga, na majina ambayo wataalamu wa kale waliyatoa yanastahili kuangaliwa, kwa maana yametokana na vyombo vya kawaida. Wa kwanza ni mfupa wa paji. Wa pili, ulio katikati, jina lake katika Kigiriki latokana na neno lenye maana ya chekeche, na kibamba chake cha juu chaitwa kwa jina la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Sababu ni wazi: kibamba hicho kimetobolewa vitundu vingi, na katika vitundu hivyo hupita nyuzi za neva ya kunusia, vifungu takriban 20 kila upande, zikitoka puani kwenda ubongoni. Juu ya kibamba hicho husimama kijimfupa kilichochongoka ambacho Walatini walikifananisha na kilemba cha jogoo. Mfupa wa tatu, ulio nyuma, jina lake la Kigiriki latokana na kabari, kwa kuwa umechomekwa kati ya mifupa mingine kama kabari katika gogo.

Chekeche, kilemba cha jogoo na kabari: Kiswahili kinavyo vyote vitatu. Mwalimu anayewafundisha wauguzi hana haja ya kuwakaririsha sauti za kigeni wasizozielewa. Akisema “bamba la chekeche”, mwanafunzi ataona mara moja kwa nini mahali hapo ni dhaifu, kwa nini pigo la paji la uso laweza kukata nyuzi za kunusia, na kwa nini uvimbe ulioanzia puani hupata njia ya kupanda ubongoni. Hapa jina linafundisha kazi ya kitu.

3. Aina za uvimbe

Uvimbe wa mahali hapa waweza kutoka juu, yaani katika tando zinazoufunika ubongo. Waweza kutoka chini, yaani puani na katika mapango ya uso. Na waweza kuanzia katika mfupa wenyewe.

Miongoni mwa unaotoka juu, ulio mashuhuri ni meninjioma. Jina hili lilitolewa na Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani, mwaka 1922, kwa kuunga neno la Kigiriki lenye maana ya utando na kiishio cha uvimbe. Mwaka 1938 yeye na Louise Eisenhardt walichapisha kitabu kikubwa juu ya uvimbe huo. Meninjioma huota katika utando, si katika ubongo wenyewe. Husukuma ubongo badala ya kuula. Takriban 1 kati ya 10 za kichwani huota katika mfereji wa kunusia, juu ya bamba la chekeche. Nyingi si saratani. Hukua polepole, pengine kwa miaka mingi, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Uhusiano na homoni za kike umechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba wanawake waliotumia kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja sindano ya uzazi wa mpango yenye medroksiprojesteroni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma kuliko wasioitumia. Habari hiyo isipotoshwe: ugonjwa wenyewe ni wa nadra, na hatari ya kila mwanamke mmoja hubaki ndogo. Inamtaka mtumiaji wa muda mrefu azungumze na mhudumu wake. Haimtaki aache kinga yake kwa hofu.

Miongoni mwa unaotoka chini kuna saratani za pua na za mapango ya uso. Moja huanzia katika chembe za kunusia zenyewe. Ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1924. Nyingine imehusishwa na kazi ya mikono. Katika miaka ya 1960, katika mji wa High Wycombe nchini Uingereza, mji wa watengenezaji wa viti na meza, daktari Esther Hadfield aliona kwamba saratani ya namna moja ya pua, iliyo nadra kwa watu wengine, inawapata mafundi wa mbao mara nyingi mno. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba vumbi la mbao, hasa la miti migumu, likivutwa kwa miaka mingi, huleta saratani hiyo; na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa hutokea baada ya makumi ya miaka tangu fundi aanze kazi. Katika nchi yenye misitu kama Kongo, ambako maseremala hupasua na kusugua mbao katika vibanda visivyo na hewa ya kutosha na bila kufunika pua, jambo hili si la Uingereza peke yake.

Kuna pia aina ambazo si saratani lakini zahitaji mkono wa tahadhari. Anjiofibroma huwapata wavulana wa umri wa kubalehe: pua huziba upande mmoja na damu hutoka mara kwa mara. Uvimbe huo umejaa mishipa ya damu, hata kuukata kipande kidogo ili kupimwa, bila matayarisho, kwaweza kumwaga damu isiyozuilika kwa urahisi. Na kuna kitu kinachofanana na uvimbe ambacho si uvimbe hata kidogo: mtoto aweza kuzaliwa na tundu katika sakafu ya fuvu, ubongo na utando wake vikachungulia kupitia hapo na kutokeza kati ya macho au ndani ya pua. Kukichanja, kukitoboa au kukivuta kitu hicho ni kuufungulia ubongo mlango wa vijidudu.

4. Milango minne ya dalili

Dalili za uvimbe wa sakafu ya mbele huingia kwa milango minne, na kila mlango una maneno yake ambayo jamii imeyazoea.

Mlango wa kwanza ni pua. Mgonjwa huziba pua, hutokwa na damu, au hupotewa na harufu. Neno lililo karibu ni mafua, na neno hilo hutuliza kila mtu. Lakini mafua huziba pande zote mbili na hupona kwa siku chache. Uvimbe mara nyingi huziba upande mmoja na haufunguki. Kupotewa na harufu ghafla, kama walivyopotewa watu wengi kwa virusi vya korona tangu mwaka 2020, si sawa na kupotewa nayo polepole kwa miezi au miaka. Hata mgonjwa mwenyewe huenda asitambue. Hulalamika kwamba chakula kimekosa ladha, akamlaumu mpishi. Na maji meupe kama ya kisimani yanayotiririka kutoka tundu moja la pua, hasa mtu anapoinama, yaweza kuwa maji ya ubongo, si makamasi.

Mlango wa pili ni jicho. Jicho moja husukumwa mbele au pembeni, au nuru hupungua. Mwaka 1911 Foster Kennedy alieleza hali ambayo bado inaitwa kwa jina lake: upande wa uvimbe neva ya jicho hunyauka kwa kukandamizwa, na upande wa pili neva huvimba kwa sababu shinikizo limepanda ndani ya kichwa. Mgonjwa wa namna hii akinunua miwani sokoni hupoteza wakati ambao macho yake hayawezi kuurudisha.

Mlango wa tatu ni kichwa. Kiswahili kina neno zuri, kipandauso, kwa maumivu makali ya paji la uso na ya juu ya macho. Neno hili hueleza mahali, halielezi chanzo. Kipandauso cha kawaida huja na kwenda. Maumivu yanayozidi mwezi kwa mwezi, yanayomwamsha mtu alfajiri na kumtapisha, au yanayofuatana na kifafa kilichoanza ukubwani, yanadai uchunguzi.

Mlango wa nne ndio wenye hatari kuliko yote kwa upande wa lugha, nao ni tabia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwezesha mtu kupanga, kujizuia na kuona haya. Ikikandamizwa, mtu aliyekuwa mchapa kazi hukaa kutwa bila kujali. Aliyekuwa na adabu hutoa maneno ya aibu. Mwingine hujikojolea bila kusikitika. Hapo maneno yaliyo tayari ni wazimu, pepo na kulogwa. Neno la mwisho ndilo zito, kwa sababu linadai mlozi: likishatamkwa, familia haimtafuti daktari, inamtafuta mwenye kosa. Mara nyingi mwenye kosa hupatikana miongoni mwa wanyonge wa nyumbani, kikongwe au mtoto. Hivyo uvimbe mmoja waweza kuharibu watu wawili: yule anayeumwa na yule anayesingiziwa.

Mgonjwa mmoja wa kale anaionyesha milango hii ikiwa wazi pamoja. Mwaka 1885, mjini Roma, daktari wa upasuaji Francesco Durante alimpokea mwanamke wa miaka 35 aliyepotewa na harufu, aliyesukumwa jicho la kushoto, na ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imedhoofika. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Iligunduliwa miaka 10 baadaye, mwaka 1895. Durante hakuwa na picha yoyote ya ndani ya kichwa. Alikuwa na maneno ya mgonjwa, macho yake na elimu ya mifupa. Aliunganisha harufu, jicho na kumbukumbu, akahukumu kwamba mahali pekee panapokutanisha yote matatu ni sakafu ya mbele ya fuvu. Alifungua, akatoa uvimbe wa ukubwa wa tofaa, na mwanamke yule akapona na kuishi miaka mingi. Kila dalili ikichukuliwa peke yake ingalielekea kwa mtu tofauti. Zilipowekwa pamoja zilitaja mahali pamoja.

5. Uchunguzi na tiba

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa, lakini huonyesha kidogo tu juu ya vitu laini. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1971, wakati mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa skana mjini London, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hukata kichwa kwa picha, vipande kwa vipande, bila kisu, na huonyesha vizuri mfupa ulioliwa. Picha ya sumaku, iliyofuata baadaye, huonyesha vizuri zaidi mpaka kati ya uvimbe, ubongo na macho. Nchini Kongo mashine hizi zimo katika miji mikubwa michache, na safari ya kuzifikia ni ndefu na ya gharama. Ndiyo sababu mhudumu wa kituo kidogo anahitaji kujua ni nani wa kutumwa mapema na ni nani wa kungoja.

Tiba yenye nguvu kwa uvimbe mwingi wa hapa ni upasuaji. Zamani njia ilikuwa moja, kufungua paji la uso na kuuinua ubongo. Kwa saratani iliyopita katika dari ya pua, mkono wa juu peke yake hautoshi. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani walitoa habari ya kuitoa saratani ya namna hiyo kwa kufungua juu na usoni kwa pamoja, na mwaka 1963 Alfred Ketcham na wenzake wakaifanya njia hiyo kuwa utaratibu. Tangu miaka ya 1990 njia nyingine imepanuka: daktari hupitisha puani kamera nyembamba na vyombo virefu, akautoa uvimbe kutoka chini bila kovu usoni. Shida ilikuwa kuziba tundu linalobaki kati ya pua na ubongo, kwa maana maji ya ubongo yakivuja, vijidudu hupanda na kuleta homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 madaktari kutoka Argentina na wenzao wa Marekani walieleza namna ya kukata ngozi laini ya ukuta wa katikati ya pua, ikiwa bado na mshipa wake wa damu, na kuigeuza iwe kiraka hai. Kiraka hicho kilipunguza sana uvujaji.

Njia ya puani haifai kwa kila mgonjwa. Uvimbe uliotanda mbali pembeni, juu ya macho, bado wahitaji njia ya juu. Saratani mara nyingi hufuatiwa na tiba ya mionzi, na baadhi yake na dawa. Meninjioma ndogo isiyosumbua, hasa kwa mzee, yaweza kuangaliwa tu kwa picha za mara kwa mara. Na mgonjwa aambiwe kweli tangu mwanzo: harufu iliyopotea mara nyingi hairudi, na kuona kuliokufa kabisa ni vigumu kufufuka. Kinachookolewa ni kile kilichobaki siku ya upasuaji.

6. Suala la istilahi

Neno uvimbe latokana na kitenzi kuvimba, nalo lina upana mkubwa: mguu uliotegukwa una uvimbe, jipu ni uvimbe, na kitu kinachoota ubongoni kwa miaka 10 ni uvimbe. Mgonjwa anayeambiwa “una uvimbe” aweza kungojea ushuke wenyewe kama mguu unavyoshuka, au kungojea uive kama jipu. Inafaa basi kusema “uvimbe unaoota”, kwa maana kitenzi kuota kinabeba wazo la kitu kinachokua na hakirudi nyuma.

Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, sawa kabisa na neno la Kilatini lililozaa kansa na kansere. Ni mfano mmoja, kaa anayeshika kwa mikono yote, uliosafiri katika lugha nyingi. Pamoja na hayo, masikioni mwa wengi neno hilo lina maana ya kifo, na kinyume chake, “si saratani”, lina maana ya kupona. Hapo ndipo penye mtego. Kifaransa cha hospitali huugawa uvimbe katika mwema na mwovu, na wafasiri wengine huufuata kwa kusema uvimbe mpole na uvimbe mkali. Katika sakafu ya mbele ya fuvu uvimbe mpole waweza kupofusha, waweza kugeuza tabia, na waweza kuua, kwa sababu fuvu halipanuki. Upole wake ni wa chembe zake, si wa mahali ulipokaa. Tafsiri iliyo salama zaidi ni sentensi, si neno: “Si saratani, lakini umekaa mahali pa hatari, na unakua.” Sentensi hii ni ndefu kuliko istilahi, lakini mgonjwa anayeisikia hurudi hospitali siku aliyopangiwa.

Mwisho ni neno mshipa. Kiswahili hulitumia kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano na hata kwa ngiri. Anapoelezwa kwamba “mshipa wa jicho umekandamizwa”, mgonjwa huwaza damu. Neno neva limekwisha kuenea katika vitabu vya shule na halina sababu ya kukwepwa.

7. Hitimisho

Uvimbe wa sakafu ya mbele ya fuvu ni wa nadra, na pua nyingi zilizoziba ni mafua tu. Hata hivyo dalili zake zinaweza kufundishwa kwa maneno machache: pua iliyoziba upande mmoja bila kufunguka, harufu iliyopotea polepole, jicho lililosogea au kufifia, kifafa cha ukubwani, tabia iliyogeuka bila sababu. Moja kati ya hizo ikidumu yahitaji kuulizwa. Mbili zikikutana zinahitaji picha. Mhudumu anayemsikiliza msemaji wa Kiswahili aongeze swali moja fupi kila anapoambiwa “sisikii”: husikii nini? Swali hilo halina gharama, na jibu lake laweza kuwa harufu.